Ukuta Usiopimwa kwa Mizani

Kwenye skrini, mfuko wa chakula unachungulia chini ya ini lililojaa mafuta. Mgonjwa, mnene wa kupindukia, alikula kwa vipimo wiki mbili ili ini hilo lisinyae. Lingekuwa kubwa zaidi, kamera isingepata pa kupita.

Daktari mpasuaji anaanza kwenye mpindo mkubwa wa mfuko. Anaibana mishipa midogo ya damu, anaichoma na kuikata, mmoja baada ya mwingine, akipanda kuelekea bandama. Huko juu mishipa ni mifupi, na ukichomoka mmoja damu hutapakaa pote. Anapunguza mwendo.

Mtaalamu wa usingizi anapitisha mrija mdomoni hadi mfukoni, kipenyo chake karibu milimita 12. Mfuko utapunguzwa: stepla itaukata na kuufunga kwa pini, ikiufuata mrija huo.

Sasa ndipo ufundi wenyewe. Ukuta wa mfuko una tabaka nne: utando wa ndani wenye mikunjo, tabaka la nyuzi ngumu, misuli, na ngozi nyororo ya nje. Pini hushikwa hasa na zile nyuzi. Lakini unene haulingani: chini, karibu na njia ya kwendea utumbo mdogo, misuli imeshiba; juu, kwenye kuba, ukuta ni mwembamba. Na kilo za mgonjwa hazitabiri unene huo kwa uhakika. Mpasuaji huupima kwa kuubana na kuusikilizia mkononi.

Huku chini anaomba katriji ya kijani, yenye pini za titani za milimita 4.1 zitakazojikunja hadi 2. Zingekuwa fupi, zisingefunga. Akifika juu atachukua za bluu, za 3.5, kwa kuwa pini ndefu kwenye ukuta mwembamba hazibani, na damu huvuja.

Anafumba taya za stepla. Hafyatui. Sekunde 15 zinapita, maji yaliyomo kwenye nyama yanasogea pembeni, ukuta unatulia. Mimi ningeshafyatua. Kisha safu tatu za pini zinaingia kila upande, kisu kikipita katikati.

Karibu na umio anaacha sentimita moja hivi. Mivujo mingi hutokea hapo, naye hataki kuubana ukuta huo dhaifu kupita kiasi.

Mwisho, dawa ya rangi ya bluu inamiminwa kupitia mrija ili kuona kama kuna panapovuja. Anaukagua mshono wote kwa kamera, chini hadi juu, kisha anarudia.