Kuhesabu Majani

Iyunga, pembeni mwa jiji la Mbeya, mama mmoja amechuchumaa kando ya tuta la vitunguu saumu. Mali iko chini ya udongo, lakini yeye anakagua majani.

"Bado, mwanangu," ananiambia. "Mawili ya chini yamekauka. Nangoja la tatu."

Kila jani la kitunguu saumu hushuka mpaka chini likawa ganda moja la kukifunika. Jani likikauka, na ganda lake limeanza kuoza. Ukivuna mapema, vitunguu ni vidogo. Ukichelewa, maganda yamekwisha, punje zinafumuka ardhini na hazikai ghalani. Yakibaki majani mabichi matano au sita, siku imefika.

Kazi ilianza mwezi wa nne, mvua zikiaga. Alibangua vitunguu kwa vidole, taratibu, asichubue hata punje moja. Kubwa za pembeni zikawa mbegu, ndogo za katikati zikaenda jikoni. Akapanda kitako chini, ncha juu, kina cha pingili ya kidole.

Kisha akaiachia baridi zamu yake. Kitunguu saumu kisipopigwa na baridi hakigawanyiki vizuri: ukikipanda Dar es Salaam, mara nyingi utaambulia majani mengi na kijitunguu kimoja cha mviringo, hakina punje. Ulaya hupandwa Oktoba, kikalala chini ya theluji, kikavunwa Julai baada ya siku kurefuka. Huku kwetu siku hazirefuki sana, kwa hiyo tegemeo ni mwinuko na ile baridi ya Juni na Julai inayotushindisha na makoti. Ndiyo maana zao hili limeipenda Mbulu, na nyanda zetu hizi.

Ninachomvulia kofia mama huyu ni mkono wake unaojua kutulia. Mfereji unapita hatua chache tu kutoka shambani, ila wiki ya pili hii hajamwagilia. "Maji ya sasa hayanenepeshi," anasema, "yanaozesha."

Siku ikifika atatifua pembeni kwa jembe, avinyanyue bila kuvivuta shingo, avining'inize kivulini wiki tatu na udongo wake. Vingi vitakwenda soko la Mwanjelwa. Vile vikubwa kuliko vyote, ambavyo mchuuzi angevigombea, havitatoka nyumbani. Vinasubiri mwezi wa nne.