Wimbo Unaanza Lini?

"Wimbo unaanza lini?" Swali hilo aliniuliza jirani yangu, fundi seremala, jioni moja tukiwa tumekaa barazani hapa Kiseke. Simu nilikuwa nimeitumbukiza ndani ya ndoo tupu ili sauti ipande kidogo, na dakika kama kumi na mbili zilikuwa zimekwisha pita. Nikamjibu kwamba umeshaanza zamani. Akatega sikio tena, akatikisa kichwa, akasema yeye alidhani ile ni friji ya dukani.

Nilicheka. Lakini ndugu msomaji, swali lile halikunitoka. Na kwa kuwa jarida letu hili ni la watu wanaotaka kuandika, naomba nilijibu hapa kwa kirefu, maana nadhani linatuhusu sisi wenye kalamu kuliko linavyowahusu wapiga disko.

Muziki ule ni wa Joseph Kamaru, kijana wa Nairobi aliyezaliwa mwaka 1997, ambaye hujiita KMRU. Yaani amelichukua jina la ukoo akazinyofoa zile "a" mbili, basi. Jina lenyewe ni la babu yake, na babu huyo si mtu wa kupita. Joseph Kamaru mkubwa aliimba kwa Kikikuyu tangu miaka ya 1960, aliwasema wakubwa waziwazi, na mbunge J.M. Kariuki alipouawa mwaka 1975 Kamaru hakukaa kimya, aliimba. Alifariki mwaka 2018. Mjukuu ndiye aliyeshika kazi ya kuzitoa upya nyimbo za mzee ili zisipotee.

Hapo ndipo ugomvi wangu na mjukuu ulipoanzia. Babu alikuwa mtu wa maneno, tena maneno ya kumponza. Mjukuu, katika kazi zake nyingi, hana neno hata moja. Hana ngoma, hana kibwagizo. Hutembea na kinasa sauti akirekodi barabara, mvua, ndege, mashine, watu wanaopita. Halafu huziingiza sauti hizo kwenye kompyuta, akazivuta, akazitandika juu ya mvumo wa sinthesaiza hadi usijue tena kipi kilikuwa gari na kipi kilikuwa upepo. Nilijiuliza kama huku si kukimbia. Mtu mwenye babu kama yule ananyamazaje?

Kazi iliyomfanya ajulikane ni albamu ya Peel, aliyoitengeneza Aprili 2020, Nairobi ikiwa chini ya amri ya kutotoka nje usiku kwa sababu ya korona. Ilitolewa mwaka huohuo na Editions Mego, kampuni ya Vienna yenye heshima kubwa katika muziki wa namna hii. Ina vipande sita, na cha mwisho kinazidi dakika ishirini. Sauti inajaa polepole mno, kama ukungu unavyotoka ziwani asubuhi: hukuona ulipoondoka, unashtukia tu unaviona visiwa. Kwa hilo namvulia kofia. Kumfanya mtu asubiri bila kumwahidi kitu si mchezo. Hebu jaribu kufanya hivyo katika kurasa tatu za riwaya uone kama msomaji atakaa.

Lakini sipendi kila kitu. Kuna mahali ndani ya Peel uzuri unageuka kuwa blanketi, unajifunika na kusinzia. Zaidi ya hapo, nilikuwa naitafuta Nairobi na siioni. Matatu ikishayeyushwa ikawa mvumo, mvumo huo unaweza kuwa treni ya Vienna vilevile. Nikalinganisha na vijana wetu wa singeli. Sikiliza Sounds of Sisso, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017, au Tatizo Pesa ya Jay Mitta ya mwaka 2019. Ile nayo ni kompyuta, nayo ni majaribio, tena inakimbia hadi moyo unaomba maji. Lakini dakika ya kwanza tu unajua uko Mburahati, uswahilini Dar, si kwingine. Na tamasha la Nyege Nyege lilijengewa jina pale Jinja, ziwa hili hili letu linapoutoa Mto Nile. KMRU naye amepiga katika tamasha hilo. Wenzake wanapiga kelele kwamba wanatoka mahali fulani; yeye anafuta.

Sasa nikiri jambo. Nilikuwa na sababu yangu ya kukasirika. Wakati ule nilikuwa nimemaliza sura ya kwanza ya riwaya, na nilitaka Mwanza ionekane. Basi nikataja Kirumba, Mwaloni, Pasiansi, Buswelu, na Jiwe la Bismarck bila shaka, yote katika kurasa mbili. Rafiki aliyeisoma aliniambia nimeandika kama kondakta anayeita vituo. Iliniuma, maana nilijua ni kweli: niliyataja mawe yote ya mji na hakuna hata moja lililokuwa na uzito. Kwa hiyo nilipomsikia mtu anayefanya kinyume changu kabisa, nikaona raha kumkosoa.

Kilichonigeuza ni kazi ya mwaka 2022 iitwayo Temporary Stored. Hapa KMRU aliingia katika kumbukumbu za sauti za Jumba la Makumbusho ya Afrika ya Kati lililopo Tervuren, Ubelgiji. Asili ya jumba lile ni Mfalme Leopold wa Pili, na kila mwenye kuijua historia ya Kongo anajua maana yake. Humo mna sauti za watu zilizorekodiwa wakati wa ukoloni: wanaimba, wanapiga ala, halafu mashine inafungwa na sauti zinasafirishwa. Jina la albamu lina kejeli yake. Lina maana ya kitu kilichohifadhiwa kwa muda tu, na muda wenyewe ndio huu tunaouona hauishi.

Katika kazi hii ule mtindo wake wa kuyeyusha unapata sababu. Sauti ya mwimbaji inajitokeza kwa nyuma, inakaribia, halafu mvumo unaifunika. Unataka kumsikia vizuri na huwezi. Mara ya kwanza nilidhani ni yale yale. Mara ya tatu nikaelewa kwamba angetusafishia sauti ile na kutupa wazi kabisa, angetudanganya, kwa sababu sisi hatunayo. Iko kwenye rafu, ng'ambo, na umbali huo ndio anaoturudishia.

Linganisha na hapa kwetu. Ukitaka kuziona ngoma za watemi wa Kisukuma unapanda daladala hadi Kisesa, unaingia Makumbusho ya Bujora, unasimama mbele yake. Ukitaka sauti za Tervuren huenda ukahitaji viza. Na tusidhani hilo ni la Wakongo peke yao. Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 na mashine yake ya kurekodi, na kanda zake zimehifadhiwa Afrika Kusini. Kuna babu wa mtu ndani ya kanda zile.

Jambo jingine linalonifurahisha ni kwamba hakuifanya kazi hiyo kuwa mali yake. Mwaka 2024 ilitoka Temporary Stored II, ambamo wengine nao walialikwa kujibu kwa namna zao, akiwemo Lamin Fofana, Aho Ssan wa Ufaransa na Mkenya mwenzake Nyokabi Kariuki. Huyu Nyokabi mtafuteni. Katika peace places: kenyan memories, ya mwaka 2022, anarekodi nyumbani kama KMRU, lakini anaacha mlango wazi: kuna kipande chenye neno "Ngurumo" katika jina, na kingine ni matembezi katika shamba la bibi yake. Majina ya KMRU karibu yote ni ya Kiingereza. Hilo bado namdai.

Kuhusu kushirikiana, Limen aliyofanya na Aho Ssan mwaka 2022 ni radi na kuta zinazoanguka. Niliisikiliza mara mbili nikaridhika; sina la kuongeza. Disconnect ya mwaka 2024 ni habari nyingine. Alikaa na Mwingereza Kevin Richard Martin, yule wa The Bug, mtu wa besi nzito, na huyo ndiye aliyemshawishi atumie sauti yake mwenyewe. Kwa hiyo mtu aliyenyamaza albamu baada ya albamu hatimaye anafungua mdomo. Anaongea chini chini, kama anayemwambia siri mtu aliyelala. Maneno ni machache na mengine yanazama. Lakini kila linaloelea unalikamata kwa mikono miwili. Nikafikiria mhusika wangu mkuu, ambaye anaongea tangu ukurasa wa kwanza hajanyamaza, na nikaona aibu kidogo.

Jukwaani sijamwona, nimeona video tu. Nisifiche, kwa macho hakuna kitu: mtu, meza, kompyuta, vimashine. Mwaka 2022 aliwafungulia Big Thief wa Marekani katika maonyesho yao Ulaya, mbele ya watu waliokuja kusikiliza magitaa na mashairi. Sijui kama mimi ningethubutu. Mtu mmoja ukumbini akiuliza kwa sauti swali la seremala wangu, umekwisha.

Namaliza na Natur, iliyotoka mwaka 2024 kwa Touch ya London, kipande kimoja tu cha dakika hamsini na ushee. KMRU alikwenda Berlin kusoma, na huko usiku ukamshangaza kwa ukimya wake, yeye aliyezoea Nairobi isiyolala. Basi akachukua maikrofoni za kunasa mawimbi ya sumakuumeme, zile zinazosikia umeme unavyonguruma ndani ya vitu sisi tukidhani vimetulia. Kazi nzima imejaa mikwaruzo hiyo. Ni ngumu, haibembelezi, na kwangu ni bora kuliko Peel.

Hiyo ndiyo niliyoirudisha barazani juzi, ndoo ile ile, seremala yule yule. Safari hii hakuuliza kitu, alikuwa anapiga msasa mguu wa stuli. Tulifika kama nusu saa hivi umeme ukakatika Kiseke nzima. Akaacha msasa, akainua kichwa.

"Umekwisha?"

Nikamwonyesha simu. Ilikuwa inaendelea. Kilichonyamaza kilikuwa friji ya dukani, na wote wawili tulikuwa hatujaisikia tangu tukae pale.