Tortilla za Kusukumwa kwa Mkono, Berlin

Donge la unga wa ngano halisukumwi likiwa bado limekaza. Hufunikwa kwa kitambaa, likaachwa mpaka lilegee lenyewe. Katika mkahawa mmoja mdogo wa Tex-Mex, upishi wa Texas wenye asili ya Mexico, mjini Berlin, unaoendeshwa na mke na mume chini ya nyumba wanayoishi, mama mpishi hafupishi muda huo hata meza zikijaa. Mteja huletewa maji, akaombwa asubiri. Nami naona ana haki ya kumsubirisha.

Aliyekulia penye chapati ataielewa kazi yake upesi: chumvi, maji ya uvuguvugu, madonge, chuma cha moto. Ila tortilla hii haipakwi mafuta juu ya chuma. Mafuta hufikichwa ndani ya unga tangu mwanzo, kwa desturi ya Texas yakiwa ya nguruwe, ingawa yeye hutumia ya mimea. Hutupwa juu ya chuma kikavu, ikatoa malengelenge, ikageuzwa, ikafika mezani ingali inafuka moshi na kunukia. Ya pakiti haina harufu hiyo.

Mchuzi wake wa pilipili ndio unaonirudisha pale. Pilipili kavu hukaangwa kidogo bila mafuta (zikiungua zinakuwa chungu, hazifai tena), hutolewa mbegu, hulowekwa, husagwa. Kisha unga wa ngano hukaangwa kwenye mafuta mpaka ugeuke rangi, ndipo pilipili hiyo, vitunguu saumu, bizari nyembamba na supu vinafuata. Bizari hiyo ndiyo inayotangaza Texas. Mexico kwenyewe huitumia kwa uchache zaidi.

Wapo wanaokibeza chakula hiki. Diana Kennedy, Mwingereza aliyetumia umri wake kuandika mapishi ya Mexico, alikitenga na upishi huo katika kitabu chake cha 1972. Kwamba ni vitu viwili tofauti, nakubali. Kwamba basi hiki ni bandia, nakataa kabisa. Texas ilikuwa sehemu ya Mexico hadi 1836, na watu wake waliendelea kupika baada ya bendera kubadilika. Wanawake wa San Antonio waliuza nyama ya pilipili usiku kwenye viwanja vya mji kwa miongo mingi, hadi kanuni za afya zilipowaondoa. Hata Wajerumani wamo: William Gebhardt, Mjerumani aliyehamia New Braunfels, Texas, alianza kuuza pilipili ya unga iliyochanganywa viungo, miaka ya 1890. Na mwaka 1973 huko Houston, Ninfa Laurenzo, mjane mwenye kiwanda cha tortilla kilichokuwa kikiyumba, aliweka meza kumi humo humo na kuanza kulisha watu. Upishi huu umekuzwa na mikono ya namna hiyo, ndiyo maana jiko dogo la nyumbani linaufaa kuliko ukumbi mkubwa.

Enchilada, yaani tortilla zilizoviringwa na kumwagiwa mchuzi huo wa pilipili, hapo Berlin hupatikana Alhamisi tu. Tortilla zake ni za mahindi, na mahindi huchemshwa kwa maji ya chokaa Jumatano, yakalala humo usiku kucha ili maganda yalainike, ndipo yaoshwe na kusagwa. Mteja mmoja alimshauri mama mpishi anunue zilizo tayari, auze kila siku. Alimshukuru kwa heshima, akaendelea kusaga. Ijumaa ukiulizia enchilada, utapewa maharage na tortilla za ngano, na utashiba.