Mbona mlinzi pekee ndiye anayesema Kiswahili?

Swali lililonisukuma kuandika makala haya niliulizwa na mama yangu ndani ya basi la usiku, tukiwa tumeshaipita Nakuru. Tulikuwa tunarudi Kitale kutoka Nairobi, nilikokuwa nimempeleka kutazama mchezo wa kuigiza kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nilidhani amelala. Kumbe alikuwa amefumba macho tu. Akaniuliza, "Eti mwanangu, mbona mlinzi pekee ndiye alikuwa anasema Kiswahili?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia ni mambo ya Nairobi, tutaongea tukifika. Hatukuongea. Ila swali lile halijanipa usingizi tangu siku hiyo, na leo nalileta kwenu wasomaji wa ukurasa huu, kwa sababu naamini ni swali la lugha kabla ya kuwa swali la sanaa.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na ugonjwa wangu ni mmoja: napenda michezo ya kuigiza. Wenzangu mshahara ukiingia hununua mbolea. Mimi hukata tiketi ya basi, nikasafiri karibu kilomita mia nne, nikaketi kwenye giza la ukumbi kwa saa mbili, kisha nikarudi kufundisha ngeli Jumatatu asubuhi nikiwa na macho mekundu. Nimetazama vichekesho, nimetazama tanzia, nimetazama michezo ya nyimbo na dansi ambayo hadi leo Kiswahili hakijaipa jina linalokubalika na wote. Kwa hiyo siandiki kama adui wa kumbi za Nairobi. Naandika kama mteja wao wa miaka mingi.

Mchezo tuliotazama na mama ulikuwa wa familia tajiri. Baba, mama, mtoto aliyerudi kutoka ng'ambo na mchumba wake, wote walisema Kiingereza. Yaya alisema Kiswahili kidogo, sentensi mbili tatu, akatoka. Halafu akaingia mlinzi. Huyo alisema Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho, tena Kiswahili chenye lafudhi ya kwetu Bungoma: gari likawa "kari", baba akawa "papa", dawa ikawa "tawa". Watu walicheka kabla hata hajamaliza sentensi. Hakuwa amesema jambo la kuchekesha. Alikuwa anaeleza kwamba mtoto wake ni mgonjwa na anaomba ruhusa aende nyumbani. Lafudhi yenyewe ndiyo iliyokuwa mzaha.

Nilimtupia mama jicho. Alikuwa ameketi wima, mkoba mapajani, kama mtu aliye kanisani. Mama yangu husema "kari". Amesema hivyo maisha yake yote.

Tena niseme ukweli wote: mimi pia nilicheka. Nimecheka miaka mingi. Mlinzi wa Kiluhya, mpishi wa Kiluhya, yule anayependa ugali na kuku kuliko roho yake, ni mhusika niliyemzoea jukwaani kiasi kwamba nilikuwa nimeacha kumsikia. Ilibidi niketi karibu na mtu anayesema kama yeye ndipo nimsikie.

Baadhi yenu mtadhani nataka wahusika wote wa Nairobi waseme Kiswahili sanifu cha karatasi ya mtihani. La hasha. Huo ungekuwa uongo mkubwa zaidi. Nairobi huchanganya ndimi, na mchezo wa Nairobi una haki ya kuchanganya. Mtu huanza sentensi kwa Kiingereza, akaivusha kwa Kiswahili, akaimalizia kwa Sheng, na anayemsikiliza hapotei. Wataalamu wa isimujamii wameyaandika hayo kwa miaka mingi, wala hayahitaji utetezi wangu.

Linalonisumbua ni mgao wa kazi. Tangu safari ile nimejizoesha kuandika nyuma ya tiketi: anayetongoza ametongoza kwa lugha gani, anayekufa ametoa wosia kwa lugha gani, aliyekosa ameomba msamaha kwa lugha gani. Katika michezo niliyotazama, mara nyingi mapenzi yamekuwa Kiingereza. Wosia umekuwa Kiingereza. Shaka, majuto na falsafa vimekuwa Kiingereza. Kiswahili kimepewa kuagiza chai, kutukana, kulewa, kuombwa hongo na polisi, na kufungua geti. Ukimpa mtu kazi ya kufungua geti kwa miaka hamsini, usishangae watoto wako wakiamini kwamba hawezi kazi nyingine.

Mambo haya yana historia. Ukumbi wa Kitaifa wa Kenya ulifunguliwa mwaka 1952, mwaka uleule serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari. Haukujengewa mama yangu. Hata baada ya uhuru vita vya kuupata viliendelea. Oktoba 1976 michezo miwili iliyoandaliwa kuiwakilisha Kenya katika tamasha la FESTAC kule Lagos mwaka 1977, yaani The Trial of Dedan Kimathi wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, na Betrayal in the City wa Francis Imbuga, jirani yetu wa Maragoli, ilipata siku chache tu ukumbini humo. Ilibanwa katikati ya kundi la ballet kutoka Ufaransa na mchezo wa nyimbo wa Kimarekani uitwao A Funny Thing Happened on the Way to the Forum. Kumbuka hilo kila mtu anapokuambia kwamba sanaa haina siasa. Kalenda ya ukumbi peke yake ni siasa.

Michezo hiyo yote miwili ilitafsiriwa baadaye kwa Kiswahili: Mzalendo Kimathi na Usaliti Mjini. Wangapi mmeiona ikiigizwa kwa Kiswahili Nairobi? Mimi bado.

Sasa njoo Mei 2022. Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ulioigizwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977 na kupigwa marufuku mwaka huohuo, ulirudi jukwaani Nairobi chini ya uongozaji wa Stuart Nash. Uliigizwa kwa zamu, kwa Gĩkũyũ na kwa Kiingereza. Ni tukio kubwa, na walioliandaa wanastahili heshima. Mchezo uliomfanya mwandishi wake afungwe karibu mwaka mzima bila kufunguliwa mashtaka ukarudi hadharani baada ya miaka 45.

Lakini jiulize: mtu wa Kitale ambaye si Mgĩkũyũ na hakusoma Kiingereza angekwenda zamu gani? Kĩgũũnda, mkulima wa mchezo ule, ana hati ya ekari moja unusu tu, na tajiri anaitamani. Trans Nzoia nzima inaijua hadithi hiyo. Wazazi wetu walivuka kutoka Bungoma kuja kuwa vibarua katika mashamba ya walowezi, kisha wakajichanga kununua vipande vya ardhi, na hadi leo kuna familia zinazolala na hati chini ya godoro. Hakuna aliyehitaji mchezo ule kuliko wao. Na maneno yapo! Tafsiri ya Kiswahili, Nitaolewa Nikipenda, ilichapishwa mwaka 1982. Imekaa rafuni miaka yote hii ikisubiri usiku wa tatu ambao haujafika.

Nisikilizwe vizuri. Silaumu Gĩkũyũ kuigizwa. Laiti na Kibukusu nacho kingeigizwa. Nasema tu kwamba baina ya lugha ya mama na Kiingereza kuna nafasi iliyo wazi, na nafasi hiyo ina mwenyewe.

Watu wa sanaa wana jibu lao, na si jibu la kupuuzwa. Husema: anayelipa tiketi Nairobi amesoma kwa Kiingereza, ametongoza kwa Kiingereza, na ukimwekea tanzia ya Kiswahili atadhani ni setibuku. Kuna kweli hapo. Neno "setibuku" limekifanyia Kiswahili hisani na hasara kwa mpigo mmoja.

Tuanze na hisani. Kwa watu wengi wa Kitale na Bungoma, mchezo wa pekee wa waigizaji wa kulipwa watakaouona maishani ni ule unaoletwa shuleni na vikundi vinavyozunguka na vitabu teule. Nimeutazama Kigogo wa Pauline Kea mara nisizozikumbuka, na sasa Bembea ya Maisha wa Timothy Arege. Mara moja nilipanda matatu, nikapita Kiminini, Kamukuywa na Webuye hadi shule moja karibu na mji wa Bungoma kuutazama huo wa Arege. Hakukuwa na pazia wala taa. Ilikuwa saa nane mchana ndani ya bwalo lenye harufu ya maharagwe, na mvua ikipiga mabati. Wapishi walisimama nyuma, pamoja na wazazi wachache waliokuwa wamekuja kulipa karo.

Katika mchezo ule, Sara, mama mgonjwa, anapelekwa mjini na bintiye Neema akatibiwe. Lakini mila haimruhusu kulala nyumbani kwa mkwewe, Bunju. Nawaambia, bwalo lilinyamaza. Kwetu jambo la mkwe na mama mkwe si mchezo. Kuna wanaume watu wazima ambao hukatiza shambani ili wasikutane na mama mkwe njiani. Mpishi mmoja, mwanamke wa makamo, alishika mwiko kifuani muda wote wa onyesho lile. Sara alisema Kiswahili. Neema alisema Kiswahili. Bunju, mwenye pesa na gari, alisema Kiswahili. Ugonjwa, ndoa, majuto ya mzee Yona aliyezama kwenye pombe kwa kuchekwa kwamba ana mabinti tu, yote yalibebwa na lugha ileile inayofungua geti Nairobi, na haikulemewa.

Hasara nayo ilikuwepo palepale. Kikundi kiliongeza vituko visivyomo kitabuni ili wanafunzi wasisinzie, na Yona akafanywa mlevi wa kuanguka anguka hadi machungu yake yakapotea. Msichana aliyeketi mbele yangu alikuwa amefungua kitabu, akifuata kwa kidole. Ghafla akageuka: "Mwalimu, wameruka ukurasa mzima!" Hakuwa anatazama mchezo, alikuwa anasahihisha. Nilimhurumia, kwa sababu mimi na wenzangu ndio tuliomfunza hivyo. Tumewafunza maudhui, wahusika, mbinu za lugha, dondoo la alama nne. Hatujawafunza kwamba mtu anaweza kununua tiketi akatazame tamthilia ya Kiswahili Jumamosi jioni na mwenziwe, bila mtihani wowote. Wakihamia Nairobi na kupata kazi, wanakwenda kutazama Kiingereza. Tutamlaumu nani?

Wala msiniambie kwamba Kiswahili hakiwezi. Ebrahim Hussein alikibebesha vita, unabii na shaka katika Kinjeketile mwaka 1969. Nyerere alikuwa ameshamtafsiri Shakespeare tangu 1963. Na mnamo Aprili 2012, waigizaji wa Afrika Mashariki waliigiza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili katika ukumbi wa Globe, London. Ni kichekesho, ndiyo. Lakini mle ndani tajiri, mke wa tajiri, mchumba na mtumishi wote walisema Kiswahili, kwa hiyo hakuna aliyechekwa kwa sababu ya lugha yake. Alichekwa kwa sababu ya tabia yake. Tofauti hiyo ndiyo ninayoitafuta.

Hata michezo ya nyimbo inatufunza. Sarafina! wa Mbongeni Ngema ulizaliwa Johannesburg mwaka 1987, na mwaka uliofuata ukawa Broadway, New York. Ulikwenda na Kizulu chake, na Kizulu hicho hakikwenda kufungua geti; kilikwenda kuomboleza na kukasirika.

Isitoshe, hadhira ya kwetu ilikuwa na tanzia kabla ya kuwa na ukumbi. Mzee Mbukusu wa heshima akifa, huitwa omuswala kumuse. Huyo hutembea uwanjani na fimbo yake, akisimulia asili ya ukoo, akionya, akiliwaza, na watu huketi wakamsikiliza kwa makini. Huyo ni mwigizaji, mwanahistoria na mwanafalsafa kwa pamoja. Mlinzi anayechekwa Nairobi huenda ni mpwa wake.

Wiki chache zilizopita, hatimaye nilimjibu mama. Nilimwambia kwamba mlinzi pekee ndiye alisema Kiswahili kwa sababu waandishi walidhani mlinzi pekee ndiye anayefanana na sisi, na sisi hatukuwa tumewaambia vinginevyo. Kisha nikamsimulia habari za Kĩgũũnda na ekari yake moja unusu. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama shamba lilienda. Nikamwambia lilienda.

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Hiyo wakiiweka kwa Kiswahili, niambie. Kari nitalipa mwenyewe."