Kanuni ya Wastani katika Fidia ya Nyumba Iliyoungua

Dai la bima ya nyumba iliyoungua hudhaniwa kuwa ni kazi inayoanza siku ya moto, ilhali sehemu kubwa ya matokeo yake huwa imekwisha kuamuliwa siku mkataba ulipoandikwa, pale mwenye nyumba alipotaja kiasi cha bima, yaani kiwango cha juu kabisa ambacho kampuni inaweza kulipa. Didia, wilayani Shinyanga, kama ilivyo katika miji midogo mingi ya kanda hiyo, nyumba ya matofali na bati mara nyingi hujengwa kwa awamu, kadiri mavuno ya pamba au mpunga yanavyoruhusu, na kila chumba kinachoongezwa bila kampuni kuarifiwa hukiacha kiasi cha bima nyuma ya nyumba yenyewe.

Hapo ndipo inapoingia kanuni ya wastani, ambayo imo katika mikataba mingi ya bima ya moto, na ambayo humhesabu mwenye nyumba aliyekata bima pungufu kuwa amebeba mwenyewe sehemu iliyobaki ya hatari. Ikichukuliwa nyumba ambayo kuijenga upya kunagharimu shilingi milioni 60, lakini imekatiwa bima ya milioni 30, kisha moto wa jikoni ukateketeza paa na kuleta hasara ya milioni 12, kampuni italipa milioni 6 tu, tena pungufu ya kiasi ambacho mkataba humtaka mwenye bima akibebe katika kila dai. Anayetarajia kulipwa milioni 12 zote, kwa hoja kwamba hasara haikufikia milioni 30, ana matarajio yanayoeleweka, lakini mkataba haumuungi mkono. Kwa sababu hiyo wakala anayempangia mteja kiasi kidogo ili ada iwe nafuu humdhulumu, hata kama nia yake ni njema. Ikumbukwe pia kwamba kinachopimwa ni gharama ya kujenga, yaani saruji, mbao, bati, mafundi na usafirishaji, wala si bei ya kuuzia. Kiwanja hakihesabiwi, kwa kuwa ardhi haiungui.

Baada ya moto, taarifa hutolewa kwa kampuni mara moja na kwa maandishi, ikifuatwa na fomu ya madai, orodha ya mali, makadirio ya fundi na ripoti ya polisi na ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambayo huhitajika hata pale majirani walipouzima moto kwa ndoo na mchanga. Mabaki hayaondolewi kabla ya kukaguliwa na mtathmini wa hasara, mtaalamu anayechunguza chanzo na ukubwa wa hasara, kwani waya ulioyeyuka au bati lililopinda ni ushahidi. Akikuta madumu ya petroli ya biashara katika nyumba iliyoandikishwa kuwa makazi tu, dai lote linaweza kukataliwa kwa kukiuka wajibu wa kueleza ukweli.

Mwenye nyumba asiyeridhika anaweza kupeleka lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya 2009, lakini afanye hivyo kabla ya kutia saini hati ya kukubali malipo, kwa sababu sahihi hiyo kwa kawaida hulifunga dai.