Ufundi wa Kilobaiti 40

Super Mario Bros., mchezo wa video ambao Nintendo iliutoa Japani tarehe 13 Septemba 1985, una ukubwa wa kilobaiti 40 tu: 32 za programu na 8 za picha. Picha moja ya harusi iliyopigwa kwa simu ya leo huzidi ukubwa huo mara nyingi. Ndani ya nafasi hiyo finyu wamo Mario na maadui zake wote, dunia 8 zenye hatua 32, muziki wa nchi kavu, wa majini na wa mapangoni, na njia za siri ambazo wachezaji wameendelea kuonyeshana kizazi hadi kizazi. Red Dead Redemption 2, ulipoingia kwenye kompyuta mwaka 2019, ulitaka nafasi ya gigabaiti 150, yaani zaidi ya mara milioni 3 ya ule wa Mario. Nao ni kazi kubwa na ya kupendeza. Hata hivyo wapo wachezaji wengi ambao, wakiwekewa michezo yote miwili mbele yao, huuchukua ule mdogo.

Upendeleo huo mara nyingi huelezwa kuwa ni hamu ya utotoni. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Desemba 2023 kijana wa miaka 13 wa Oklahoma, Marekani, aliicheza Tetris ya NES, mashine ya michezo ya Nintendo, katika toleo la mwaka 1989, hadi programu yenyewe ikaganda, jambo ambalo hakuna mwanadamu aliyekuwa amewahi kulifikia katika toleo hilo. Toleo lenyewe lilimtangulia kuzaliwa kwa miaka 20 na ushei. Mtu hawezi kuwa na hamu ya utoto usio wake. Kinachowavuta vijana wa namna hiyo kimo ndani ya mchezo wenyewe, nacho ni ufundi wa watu waliopewa kidogo wakakitumia chote.

Ufundi huo haueleweki bila kuijua mashine. Famicom, iliyoanza kuuzwa Japani Julai 1983 na baadaye nchi za nje kwa jina la NES, ilikuwa na prosesa isiyofika kasi ya megahezi 2 na kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 2. Skrini yake ya pikseli 256 kwa 240 ilipangwa kwa vigae vidogo vya pikseli 8 kwa 8, na vigae hivyo ndivyo vilivyounda ardhi, anga, kuta na maandishi. Vikaragosi, yaani vipande vya picha vinavyotembea, havikuzidi 64 kwa wakati mmoja, kila kimoja na rangi 3, na katika mstari mmoja wa skrini havikuweza kuonekana zaidi ya 8. Cha 9 kilifutika. Waandishi wa programu wakabuni hila: walibadilisha mpangilio wa vikaragosi katika kila fremu, ili badala ya kimoja kutoweka kabisa, vyote vipepese kwa zamu. Mchezaji anayeona maadui wakipepesa wanapojaa kwenye skrini anaitazama hila hiyo ikifanya kazi. Mashine imezidiwa, na fundi ameugawa upungufu kwa haki.

Upungufu wa aina hiyo ndio uliozaa sura zinazotambulika leo dunia nzima. Mario alionekana kwanza katika Donkey Kong, mchezo wa mwaka 1981. Shigeru Miyamoto, mbunifu wake, alikuwa na pikseli chache mno za kuchorea uso, na mdomo usingeonekana. Akaweka pua kubwa na masharubu. Nywele zinazopeperuka mtu anaporuka zilikuwa kazi ngumu, akamvika kofia. Mikono ilipotelea kwenye kiwiliwili. Akamvalisha ovaroli yenye rangi tofauti na shati, ili mwendo wa mikono uonekane. Katika mavazi yale hakuna pambo hata moja, kila kitu kina kazi yake. Miaka minne baadaye, katika Super Mario Bros., vichaka vya ardhini na mawingu ya angani vilitumia mchoro uleule, vichaka kwa rangi ya kijani na mawingu kwa nyeupe. Wachezaji walipita chini ya mawingu hayo miaka na miaka bila kutambua, na hapo ndipo penye sifa ya kazi: ubanaji haukuonekana kuwa umaskini.

Lakini ubora mkubwa zaidi wa mchezo huo umo katika namna unavyofundisha. Unapoanza, Mario amesimama upande wa kushoto akitazama kulia, na mbele yake pako wazi. Hakuna maandishi ya maelekezo wala sauti ya kumwongoza mchezaji. Uwazi wenyewe unamwambia aende. Baada ya hatua chache anatokea adui wa kwanza, akija polepole. Asiyefanya kitu hufa, lakini amepoteza sekunde chache tu na ataanza tena mwanzoni. Anayebonyeza kitufe anajifunza kuruka, na anayemwangukia adui kichwani anajifunza kuua. Juu yake yako matofali na maboksi yenye alama ya kuuliza yanayometameta. Boksi moja likigongwa kutoka chini linatoa uyoga, nao unateleza kulia, unagonga bomba, unarudi kumfuata Mario. Mchezaji mgeni, aliyekwisha kujua kwamba kinachomjia ni hatari, hujaribu kuukwepa. Matofali yaliyo juu yake humbana asiruke vizuri, na uyoga humgusa. Badala ya kufa, anakua. Kwa muda usiofika dakika 1 amefundishwa kutembea, kuruka, kushambulia, na kutambua kwamba si kila kinachomjia ni adui, na hakuna neno hata moja lililotumika. Miyamoto na mwenzake Takashi Tezuka walimheshimu mchezaji kwa kiasi hicho. Michezo mingi ya kisasa huifanya kazi hiyo kwa mishale, visanduku vya maandishi na mwongozaji asiyenyamaza, na mchezaji husubiri muda mrefu kabla ya kuachiwa mikono.

Muziki nao ulibanwa vivyo hivyo. Famicom ilikuwa na njia 5 za sauti, na moja kati ya hizo ilitoa mvumo tu, uliogeuzwa kuwa ngoma. Koji Kondo, mtunzi wa muziki wa Super Mario Bros., alitunga kwa kuijua mipaka hiyo. Mario anaporuka, sauti ya kuruka huazima njia moja ya muziki kwa muda mfupi sana, na sikio halihisi pengo.

Kuna wakati ambapo udhaifu wa mashine uligeuka kuwa roho ya mchezo. Tomohiro Nishikado alipotengeneza Space Invaders mwaka 1978 katika kampuni ya Taito, alipanga wavamizi 55 washuke kutoka juu ya skrini. Prosesa yake ililemewa kuwachora wote, kwa hiyo walijikokota. Kila mmoja alipouawa mzigo ulipungua, na waliosalia wakaongeza mwendo. Nishikado aliona kwamba kasoro hiyo inamtia mchezaji hofu tamu, akaiacha. Kwa hiyo mvamizi wa mwisho ndiye mwenye mbio kuliko wote, na noti 4 nzito za nyuma zinazidi kudunda kwa haraka kadiri mwisho unavyokaribia. Katika Pac-Man ya mwaka 1980, Toru Iwatani wa Namco aliwapa mazimwi wanne tabia nne kwa kanuni fupi za hesabu. Mwekundu humfuata mchezaji moja kwa moja. Wa waridi hulenga vigae 4 mbele yake ili amkate njia. Wa samawati hupima mahali pa mchezaji na mahali pa mwekundu kwa pamoja. Wa rangi ya chungwa hukimbilia pembeni kila anapomkaribia. Mchezaji huwaona kama wawindaji wanne waliopanga njama, ilhali hakuna njama yoyote.

Mtunzi wa tarbia anayefungwa na mizani 16 kwa mshororo, na vina vya kati na vya mwisho, anaijua hali hii: kifungo humlazimisha atafute neno ambalo asingelitafuta kama angekuwa huru. Ndivyo ilivyokuwa kwa mtengenezaji wa michezo David Crane, aliyekuwa na mashine ya Atari 2600 yenye kumbukumbu ya baiti 128, si kilobaiti, na kaseti ya kilobaiti 4. Msitu wenye mandhari 255 usingeweza kuhifadhiwa humo. Katika Pitfall! ya mwaka 1982 hakuuhifadhi; aliandika kanuni inayoizaa namba ya kila mandhari kutoka ile iliyotangulia, na namba hiyo ndiyo inayoamua kama pana shimo, mamba au kamba ya kubembea. Uingereza, mwaka 1984, David Braben na Ian Bell walifanya hivyo kwa upana zaidi katika Elite, kwenye kompyuta ya BBC Micro yenye kilobaiti 32. Galaksi 8, kila moja na sayari 256 zenye majina, serikali na bei za bidhaa, zote zilitokana na namba chache za mwanzo.

Miaka ya 1990 Famicom ilifika katika miji ya Afrika Mashariki kupitia mashine za kuiga zilizotengenezwa Asia, zikiuzwa pamoja na kaseti zilizojigamba kuwa na mamia ya michezo ilhali ileile michache ilijirudia kwa majina mengine. Nyingi zilikuja na bastola ya plastiki ya kuwindia bata katika Duck Hunt. Bastola hiyo haikurusha chochote. Kifyatuo kinapobonyezwa, skrini huwa nyeusi kwa kufumba na kufumbua, mahali pa bata huchorwa kiboksi cheupe, na jicho lililomo kwenye mtutu hukagua kama linaona mwanga. Hesabu hiyo inategemea TV ya chogo, ambayo huchora picha papo hapo. Kwenye TV bapa za sasa, zenye kuchelewa kidogo, bata hafi. TV ya chogo ilikuwa sehemu ya ufundi kwa njia nyingine pia. Maporomoko ya maji katika Sonic the Hedgehog ya mwaka 1991 yalichorwa kwa mistari iliyosimama yenye nafasi katikati. TV za wakati ule ziliichanganya mistari hiyo hadi maji yakaonekana angavu, ingawa mashine ya kampuni ya Sega, iliyouendesha mchezo huo, haikuwa na uwezo wa kuchora kitu angavu. Baada ya kaseti zikaja simu za mkononi na mchezo wa nyoka, ulioandikwa na Taneli Armanto kwa ajili ya Nokia 6110 ya mwaka 1997 yenye skrini ya pikseli 84 kwa 48, na kwa watu wengi wa ukanda huu ndio uliokuwa mchezo wao wa kwanza wa video.

Sifa nyingine ya michezo ya zamani ilitokana na kaseti yenyewe. Chipu ikishatoka kiwandani haikuweza kurekebishwa, kwa hiyo mchezo ulipaswa kuwa umekamilika. Leo ni kawaida mchezo mpya kufuatwa siku ileile na marekebisho ya magigabaiti, mzigo mzito kwa mchezaji anayenunua bando. Tena kuna michezo inayotegemea seva ya kampuni. The Crew, mchezo wa magari wa Ubisoft wa mwaka 2014, ulikufa seva zake zilipofungwa mwishoni mwa Machi 2024. Aliyeulipia hakuweza kuendesha tena hata peke yake. Kaseti ya mwaka 1985, ikisafishwa meno yake, bado inawaka.

Haki inadai isemwe pia kwamba enzi hizo zilikuwa na takataka nyingi. E.T. ya Atari iliandikwa kwa takriban wiki 5 ili iwahi Krismasi ya mwaka 1982, na kaseti zake zilizobaki zikafukiwa pamoja na nyingine kwenye jalala la Alamogordo, New Mexico, ambako zilifukuliwa mwaka 2014. Michezo kadhaa ilifanywa migumu kupita kiasi ili ufupi wake usionekane. Michezo ya kisasa inamruhusu mchezaji kuhifadhi alipofika, na mingi inawafikiria wasioona vizuri au wenye ulemavu wa mikono. Hayo ni maendeleo ya kweli, na hakuna anayepaswa kuyaonea haya.

Watengenezaji wa sasa wanaoujua ufundi wa zamani wamethibitisha kwamba haujapitwa na wakati. Eric Barone aliitengeneza Stardew Valley ya mwaka 2016 peke yake, michoro na muziki vikiwemo, kwa pikseli kubwa zinazoonekana, na mamilioni wameinunua. Mwaka 2019 kundi la Morphcat Games lilitoa Micro Mages, mchezo mpya kabisa wa NES, kwa kujiwekea mpaka uleule wa kilobaiti 40. Wachezaji 4 wanapanda minara kwa pamoja.

Urithi huu uko hatarini. Utafiti wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotoka Marekani kabla ya mwaka 2010 haiuzwi tena. Nakala nyingi za michezo hiyo zimebaki katika kabati za watu. Kaseti zinazohifadhi hatua ya mchezaji, kama ile ya The Legend of Zelda iliyouzwa Marekani mwaka 1987, zina betri ndogo ya duara iliyolehemewa ndani. Ikifa, hatua zilizohifadhiwa hupotea lakini mchezo wenyewe hubaki mzima, na fundi redio anayejua kulehemu anaweza kuibadilisha. Aliye na kaseti hizo, na TV ya chogo inayowaka, asizitupe.