Nadège: Tumaini Lililopita Urusi Kuja Masisi

Litamkeni kwa sauti kabla ya kusoma zaidi: Nadège! Hapa Kivu ya Kaskazini jina hili tunalo darasani, kwenye kwaya, kwenye foleni ya maji, na wengi huliweka kapu moja na Chantal na Solange, yaani majina ya Wafaransa, basi. Sasa shikeni viti. Nadège si Mfaransa wa kuzaliwa. Ni Mrusi! Jina lake la nyumbani ni Nadezhda, na Nadezhda maana yake ni Tumaini. Kila Nadège uliyewahi kumwita ni Tumaini, na tangu nilijue hilo siwezi kumsalimia hata mmoja wao bila kumsimamisha nimweleze.

Na asili yenyewe ni tamu! Kanisa la kale lilisimulia habari za mama mmoja wa Roma aitwaye Sofia na mabinti wake watatu waliouawa kwa ajili ya imani yao zama za Kaisari Hadriano, katika karne ya 2. Kwa Kigiriki mabinti hao waliitwa Pistis, Elpis na Agape. Waslavi walipoipokea simulizi hiyo katika lugha yao, mama walimwachia jina lake la Kigiriki, lakini wale wasichana wakawabatiza upya kwa maneno ya nyumbani: Vera, Nadezhda, Lyubov. Imani, Tumaini, Upendo! Hivyo hivyo ndivyo tufanyavyo sisi. Nenda parokia yoyote ya huku uwasikie watoto wakiitwa Imani, Tumaini na Upendo, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba watu wa theluji walikwisha kuwapa binti zao majina hayo hayo karne nyingi zilizopita.

Safari ya kufika kwetu ilipita Ufaransa. Mwaka 1876 Jules Verne alitoa riwaya ya Michel Strogoff, na shujaa wake wa kike ni Nadia, kifupi cha Nadezhda, Wafaransa wakalipenda. Mwaka 1887 akazaliwa Paris Nadia Boulanger, mwalimu mashuhuri wa muziki, ambaye mama yake alikuwa Mrusi. Kisha yakaja mapinduzi ya 1917 na Warusi wengi wakakimbilia huko huko Paris na majina yao. Kutokana na Nadia, Wafaransa wakachonga Nadine (naam, akina Nadine nao wamo katika ukoo huu!), na Nadezhda wakamkata mkia akawa Nadège. Kufikia miaka ya 1970 lilikuwa jina la kisasa kabisa, la mabinti wa mjini.

Lakini subirini, utamu wenyewe uko mdomoni mwetu. Mfaransa hulitamka kwa silabi mbili na kulifunga kwa konsonanti: Na-dezh. Sisi hatuwezi kuliacha neno likining'inia hivyo, tunaliongezea irabu: Na-de-je. Sasa hesabu silabi: tatu, kama za Mrusi. Sikiliza mkazo unapoangukia: silabi ya pili kutoka mwisho, na-DE-je, kama kanuni yetu inavyotaka, na Mrusi naye husema na-DEZH-da, mkazo pale pale! Mkia ambao Paris iliukata, Kiswahili kimeurudisha bila kuambiwa na mtu. Nimelirudia jina hili kutwa nzima, na kila mara linaniingia upya.

Kwenye karatasi halikuingia kirahisi. Mwaka 1972 Rais Mobutu alipoyapiga marufuku majina ya Kikristo ya kigeni, yeye mwenyewe akiacha Joseph-Désiré, mtoto wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, hakuweza kuandikishwa Nadège, huko Ufaransa likiwa limepamba moto. Baada ya hotuba yake ya kuruhusu vyama vingi, tarehe 24 Aprili 1990, majina ya ubatizo yakarudi hadharani, na leo kadi ya mpiga kura ina mistari mitatu ya majina: nom, postnom na prénom. Huo wa tatu ndio kiti cha Nadège.

Nalipenda zaidi nikilifikiria Burungu, kule Masisi upande wa Kitshanga, ambako familia nyingi zimekimbia vita na kurudi na kukimbia tena. Watu wa huko wana Kihunde, wana Kinyarwanda, wana Kiswahili, na shule ina Kifaransa. Dada mkubwa anaweza kuwa Espérance, kaka Byiringiro, anayefuata Tumaini, na kitinda mimba akiitwa Nadège, basi wote wanne wana jina moja! Mzazi hajirudii hata silabi moja. Lipange pia na Riziki, na Neema, na Furaha, linakaa vizuri kila mahali. Ni jepesi kuita kutoka ng'ambo ya bonde, na bibi asiyejua Kifaransa halimshindi.

Kasoro nimeiona moja, na ni ya kalamu. Karani akiandika NADEGE bila ile alama juu ya E, msomaji wa Kiswahili atalisoma liwe na vina sawa na "ndege", na mtoto ataimbiwa hivyo uwanjani mpaka amalize shule. Alama ile si pambo. Idaini.

Hukumu yangu: kati ya majina yote ya ubatizo tuliyoletewa na Kifaransa, hili ndilo linaloongoza, na Nadine aje wa pili. Mwenye binti njiani, huko Masisi au Walikale, alifikirie kabla ya Chantal mwingine. Sikukuu ya Nadège katika kalenda ya Ufaransa ni tarehe 18 Septemba.